Kogo Alitaka Kusikia Chafya Tu

S.L.P. 31,
Kipkelion.
18 Agosti, 1999

Mpendwa ndugu yangu Kipruto,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe, Celine na mtoto mko salama? Joto la huko Amerika mnaliweza? Sisi tupo, ila nakuandikia moyo ukiwa mzito.

Barua yako ilifika, kwamba mtoto amepewa jina na sherehe yote umeiweka kwenye tovuti yako kwa video. Kogo, nyanya yetu, alifurahi hata akasahau chai yake. Hapa nyumbani ni yeye angeita majina ya wazee waliotutoka, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Alitaka asikie mwenyewe kama kweli mtoto aliitikia kwa chafya jina la Babu, mume wake.

Alhamisi nikampeleka Kericho, kwa Nyakundi mwenye kompyuta iliyounganishwa na simu. Video ikaanza, ikasimama, laini ikakatika. Tukarudia. Kwa saa tatu tuliona paji la uso la mtoto, basi, na sauti ilikuwa kama mahindi yakikaangwa. Nyakundi alisema laini za huku haziwezi picha zinazotembea. Sauti peke yake itapita, ukiiweka faili ndogo tuishushe yote kwanza ndipo tusikilize.

Kipruto, tulikukosea. Kogo haoni tangu Desemba. Tulikuficha kwa sababu ya mitihani yako. Wewe ukachagua video ili auone uso wa mtoto. Najilaumu mpaka nimechoka.

Tukirudi nilimwambia barua inasema ni jina la Babu. Akanijibu, "Hiyo ni karatasi. Mimi nataka kumsikia huyo mtoto."

Tangu Jumapili hainuki, uji anakataa. Daktari ametuambia tukae naye tu nyumbani.

Sasa toa picha zote. Weka ile chafya na jina lililotangulia, hata kama ni sekunde tano. Nyakundi ataninasia kwenye kaseti. Alijaribu kukutumia barua pepe ikarudi, ndiyo maana naandika hii.

Mama anawasalimu, pia Kipkosgei na Chepchirchir. Mungu amfunike mtoto wetu, awape amani huko ugenini.

Barua hii itachukua wiki mbili kufika, na sidhani Kogo anazo. Hata hivyo itume sauti hiyo. Nitaicheza chumbani mwake.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,
Chepchumba