Maelezo ya Mama Pindo Kuhusu Mkono Wake wa Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pindo, kama mtaa mzima unavyoniita
Umri: miaka 58
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya duka la vitambaa

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Binti yangu wa mwisho yuko mahabusu hapa tangu jana. Nimesikia mwalimu wake wa kucha ameandikisha kwamba binti alikiuka maelekezo akaniunguza mkono. Naomba na ya kwangu yaandikwe.

Mnamo tarehe 2 Machi mwaka huu, saa tatu asubuhi, nilikwenda na binti yangu kwenye chuo cha urembo. Miaka miwili amekuwa akipaka watu rangi za kucha barazani kwangu, na sasa alitaka kusomea mbinu mpya ya kujenga kucha ndefu kwa jeli ngumu, inayokaushwa kwa taa. Chuoni mafunzo ni miezi minne. Kila mwanafunzi huleta mtu wa kufanyia mazoezi, na mtu huyo huulizwa afya yake. Msajili aliniuliza, "Mama, una sukari?" Nikamjibu nimeleta mtoto kusoma, sikuja kutibiwa. Nikamshika binti mkono tukatoka.

Sukari ninayo, afande. Huu mwaka wa sita. Dawa naziweka kwenye kopo la vifungo na binti yangu hajui. Niliogopa ataacha mambo yake aanze kunilea mimi.

Yeye alitaka turudi chuoni. Mimi ndiye niliyechagua mafunzo ya siku tatu ya huyo mwalimu, kwenye ukumbi juu ya duka la viatu. Huko hawakuuliza kitu. Ndiyo maana nilipapenda.

Tarehe 9 Machi ilikuwa siku ya mtihani. Saa tano asubuhi mama mmoja alichomoa mkono kwenye taa akipiga kelele. Mwalimu akasema, "Ikichoma ndiyo inashika. Akitoa mkono, mwanafunzi wake hana cheti." Msichana wake aliondoka analia. Saa tano na nusu ikawa zamu yetu. Binti alinipaka jeli, mwalimu amesimama nyuma yake. Mwalimu akasema ongeza, akaongeza. Hakukiuka chochote.

Taa ilipowaka nilisikia moto chini ya kucha, ukapanda hadi kwenye kiwiko. Binti akauliza, "Mama, mkono unauma?" Nikasema hauumi. Akauliza tena. Nikamwambia, "Fanya kazi yako wewe, mimi nimechomwa na sindano kabla hujazaliwa." Akacheka. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ya chini, kidole kiko kwenye swichi. Nikamkazia macho, akakiondoa. Cheti alipata.

Siku ya nne baada ya mtihani vidole viwili vilivimba vikatoa usaha. Nilivifunga kwa vipande vya kitambaa, nikamwambia nimejidunga sindano. Niliendelea kushona sare za shule hadi tarehe 20 Machi, saa nane mchana, nilipoanguka juu ya cherehani. Hospitali walivikata vyote viwili, na daktari akatoa taarifa kwenu.

Huyo mwalimu nina hasira naye na sioni aibu kusema. Lakini uongo ni wangu. Mtoto aliuliza mara tatu. Mwacheni aende nyumbani. Habari ya sukari nitamwambia mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, sijaficha tena kitu.

Alama: dole gumba la kushoto

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, tarehe 2 Aprili, kuanzia saa 4:10 hadi saa 5:25 asubuhi. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Shahidi anajua kuandika, ila mkono wa kulia umefungwa bandeji. Aliuliza kama binti yake amekunywa chai, nikamjibu bado. Wakati wa kuweka alama niliona bandeji imelowa damu, nikamuuliza kama mkono unauma. Amejibu hauumi.