Lenzi Mbili na Chumba cha Mzee Magoiga

Jumapili, Kenyamonta. Mvua imenyesha tangu mchana, imekatika jioni hii, imeacha tope mpaka mlangoni. Ng'ombe wa jirani wamerudi zizini. Mimi nimekaa kitandani na lenzi mbili ambazo hakuna hata moja iliyo yangu, na kesho nikipata usafiri wa Tarime lazima moja niirudishe.

Huwa najifanya naandikia watu hapa mtandaoni. Ukweli ni kwamba wanaosoma ni wawili watatu, na mmoja wao ni mdogo wangu, ambaye husoma mistari ya juu kisha ananiandikia "safi dada". Basi leo naandika hivyo hivyo, kama anayeongea na ukuta.

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi wilaya ya Serengeti, watu wa nyumbani Newala walishangilia. Walidhani nitakuwa naamka nakuta tembo mlangoni. Ndiyo maana nilinunua kamera. Kumbe huku nilikopelekwa ni mahindi, mihogo, mtama na mifugo. Habari za tembo nazisikia kwa mbali kama ninyi.

Watu wa hapa ni wema, siwezi kusema vinginevyo. Wakiniona nakuja wanaacha lugha yao wanaingia kwenye Kiswahili, kwa heshima. Nikishapita, nasikia nyuma yangu wakirudi kwenye lugha yao, na kicheko kinarudi nayo.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba kicheko kile huwa kinanifuata mpaka nyumbani.

Sasa hili la lenzi. Mzee Magoiga ni mgonjwa wangu. Moyo wake umechoka, miguu imejaa maji, na akilala chali pumzi inamkata. Alilazwa hospitali, akaomba mwenyewe arudishwe nyumbani. Mimi huenda kumwangalia nikitoka zahanati. Bintiye, Ghati, ndiye anayemuuguza, na ndiye aliyeniomba nimpige baba yao picha na watoto wake wote, angali anawatambua.

Nilijaribu kwanza na lenzi yangu, ile iliyokuja na kamera. Niliegemea ukuta mpaka chokaa ikahamia mgongoni, na bado kila picha ilimkata mtu. Nikimpata mama yao, Ghati hayupo. Nikimpata Ghati, nusu ya wajukuu wako nje. Nikapendekeza tumtoe mzee uani, kwenye mwanga.

"Hapana, mwanangu," akasema mzee. "Mlango huu mtu hutolewa amelala mara moja tu. Siku yangu bado."

Akaongeza kwamba angependa pia picha ya malisho kule chini mtoni, ionekane kama inavyoonekana mtu akiwa juu ya kilima, kwa sababu hatapanda tena. Nikajikuta nimebeba kazi mbili: chumba kidogo chenye giza, na bonde zima.

Tarime mjini, upande wa Turwa, kuna studio ya picha ya mtu anayeitwa Otieno. Mkewe ni muuguzi mwenzangu, tulifahamiana kwenye semina. Alikuwa na lenzi pana mbili zilizotumika, na bei zake hazikupishana, kwa hiyo siwezi kusingizia pesa. Moja ni ya zumu, ya kuvuta karibu na kurudisha mbali, inaanzia milimita kumi, pana kabisa, lakini haipitishi mwanga mwingi. Nyingine haina zumu, ni kumi na sita tu basi, ila kioo chake kimefunguka, inakunywa mwanga.

"Wacha nikuambie, Sista," Otieno alisema, kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Hii ya zumu inabeba kila kitu, hata ukuta usioutaka. Lakini kwa nyumba ya giza itakusumbua. Hii ingine inaona giza kama paka, lakini ndiyo hiyo, haivuti. Ukitaka karibu, unatembea."

"Sasa nichukue ipi?"

"Enda nazo zote. Jumatatu rudisha moja."

Ijumaa baada ya kazi nilizijaribu chumbani kwangu. Nikafunga ile ya zumu, nikaipeleka mpaka mwisho wa upana wake, nikasimama pembeni mwa mlango. Chumba ambacho nikinyoosha mikono nakaribia kugusa kuta zote mbili kikatokea kama ukumbi wa mikutano. Kitanda kule. Ndoo kule. Kiti changu kimoja katikati, kama mtu aliyeitwa barazani kujieleza.

Nikadhani nimekosea mahali pa kusimama. Nikapiga tena.

Siku zote nimekuwa nikilalamika kwamba chumba hiki ni kidogo. Kwenye picha kilikuwa kikubwa mno kwangu.

Nikazima kamera, nikapika uji, nikanywa nimesimama.

Jumamosi niliwakuta wamevaa vizuri. Mama yao alifunga kitambaa kipya kichwani. Mzee alivalishwa shati jeupe na koti, akaegemezwa mito mitatu. Wana wa kiume wawili walikuwapo: Mwita, mkubwa, anayelima hapa hapa, na Wambura, aliyekuja kutoka Sirari ambako anauza nguo. Ghati alikuwa ameninong'oneza mapema kwamba hawa wawili hawasemezani tangu walipogombania mpaka wa shamba la mtoni. Wanasalimiana kwa kupitia watu wengine. Nilisikia kwa masikio yangu: "Ghati, mwambie huyo asogeze kiti."

Nilipowaomba wajipange, Mwita alisimama mwanzo wa kitanda, bega ukutani. Wambura akaenda mwisho kabisa, dirishani. Wanawake wakakaa karibu na mzee, wajukuu sakafuni. Nikafunga lenzi ya zumu, nikashukuru Mungu kwa milimita kumi. Ilichukua wote, bila kumkata mtu hata kidole.

Nikatazama kioo cha kamera.

Picha ilikuwa na giza, na pale nilipolazimisha mwanga ilijaa chengachenga. Flashi sikutaka, nyumba haina dari, mwanga ungegonga bati na kumrudia mgonjwa machoni. Lakini giza halikuwa tatizo kubwa. Waliosimama pembeni walikuwa wamevutika kama chapati inayosukumwa, kichwa cha Wambura kimelalia upande, bega la Mwita limekuwa pana kama mlango. Na katikati, mzee alikuwa amepungua. Kitanda kirefu, na mtu mdogo juu yake.

Akataka kuona. Ghati akamshikia kamera. Aliitazama muda mrefu, akivuta pumzi kwa mabega.

"Huyu mdogo ni nani?"

"Ni wewe, Tata," Ghati akamjibu baba yake.

"Na hawa wawili? Mbona wamesimama kama watu wanaongoja magari tofauti?"

Wambura akageukia dirisha.

Nikabadilisha lenzi. Niliishika kwa mikono miwili, nisije nikaiangusha. Nikatazama kwa ile ya pili. Mwanga ulikuja mzuri, ule wa dirishani, laini, ukikaa kwenye paji la uso wa mzee. Sura zilikuwa sura. Lakini Mwita alikuwa nje ya picha upande mmoja, na Wambura nje upande wa pili. Nyuma yangu ulikuwa ukuta.

"Hii haichukui upana ule," nikasema. "Itabidi msogeane."

Nilisema kama mpiga picha. Lakini kila mtu mle ndani alijua nimegusa nini.

"Rudisha ile ya kwanza, Nesi," Mwita akasema. "Ile ilituchukua wote."

"Ile inawaharibu, kaka."

"Mimi si lazima niwepo," Wambura akasema, akitazama nje. "Pigeni tu. Nitapiga yangu na Tata baadaye."

Nikashusha kamera. Sikuwa na haki ya kusema neno lingine. Mimi ni mtu wa kuja, wa kupima presha na kuondoka. Nilikuwa naanza kufikiri niifunge tena ile ya zumu, kila mmoja apate pembe yake, yaishe, wakati mama yao alipoongea. Alikuwa hajasema kitu tangu nilipoingia. Aliongea kwa lugha yao, maneno machache, bila kupandisha sauti, akinyoosha kanga magotini. Sikuelewa hata neno moja, na hakuna aliyenitafsiria.

Mwita akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa baba yake.

Wambura akasogea, akasimama. Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa isipokuwa ubavuni mwa kaka yake.

"Mura, kaa," mzee akamwambia mwanawe.

Akakaa. Kitanda kile ni cha zamani, chaga zimelegea katikati, kwa hiyo alipokaa kilizama na kuwamwaga wote wawili upande mmoja, bega juu ya bega. Wajukuu wakaangua kicheko. Mwita akajizuia, akashindwa. Wambura akasema kitu kwa lugha yao, na mara hii hakumwambia Ghati. Alimwambia Mwita.

Hapo ndipo nilipobonyeza.

Sitaki kuandika kwamba walipatana. Baada ya picha, Wambura alitoka upesi kwenda kupiga simu. Shamba bado lipo na mpaka bado una maneno. Ila picha ipo, na ndani yake wanacheka, na mzee katikati ni mkubwa kama alivyo.

Niandike na hili, maana hapa hakuna wa kunicheka. Walipokuwa wamekaa vile, nikiwa nimeshapiga zangu kadhaa, nilingoja mtu aseme: na wewe njoo, tegesha hiyo kamera uingie. Nilikuwa nimeshaona hata mahali pa kuiweka, juu ya kabati la vyombo. Nilichelewesha kufunga begi.

Hakuna aliyesema. Wala si kosa lao. Ni picha ya familia, na mimi si familia.

Kisha wakanikaribisha chakula. Nilitengewa kiti na meza sebuleni, ugali wa mtama, nyama, mchuzi wake pembeni. Ghati aliniletea maji ya kunawa akapiga goti. Mgeni kutengewa hivyo ni heshima kubwa, nalijua hilo. Wao walikula chumbani kwa mzee na jikoni, wote pamoja. Nilizisikia sauti zao zikipandana, mtu akimkatisha mwenzake, sufuria ikikwanguliwa.

Nilikula heshima yangu peke yangu, nikamaliza yote ili wasije wakadhani sikupenda.

Leo asubuhi nikapanda kilima kwa ajili ya ile picha ya malisho. Nilienda na lenzi zote. Nilikuwa naamini mandhari ndiyo kazi hasa ya lenzi pana: pana zaidi, nzuri zaidi. Nikaanza na ya zumu kwenye milimita kumi. Vilima vikawa vichuguu. Mto ukawa uzi. Sehemu kubwa ya picha ikawa mbingu tupu isiyo na habari na mtu. Nilipoirudisha kwenye namba za juu, bonde likakaa vizuri, lakini hapo tayari nilikuwa nimefika upana ule ule wa lenzi nyingine. Basi nikafunga hiyo nyingine, nikatembea mpaka kwenye jiwe kubwa lililoota kuvu ya njano, nikachutama karibu nalo, jiwe likiwa mbele na bonde likishuka nyuma yake. Hiyo ikawa picha.

Kwa hiyo nimeamua. Nabaki na isiyo na zumu. Vyumba vya huku ni vya giza, na nyumba nyingi nitakazoingia zitakuwa na mgonjwa anayepumua kwa shida, asiyeweza kutulia kungoja lenzi ivute mwanga. Na huko nje, miguu ninayo.

Mchana nikampelekea mzee picha ya bonde. Wengine walikuwa hawajarudi kutoka kanisani, Ghati tu ndiye alikuwapo, akafurahi kupata mtu wa kukaa naye ili yeye akachote maji. Ndipo mvua ikashuka, nikawa nimefungiwa mle ndani pamoja na mzee.

Aliitazama picha, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kunionyesha mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakinywa maji zamani. Kisha akanirudishia kamera, akaniuliza:

"Na kwenu, mwanangu, ukifungua mlango unaona nini?"

Tangu nije Mara nimeulizwa kama nimeolewa, kama nina watoto, kama Newala ni mbali, kama tunakula panya. Hili sikuwahi kuulizwa.

Nikaanza kumweleza. Kwamba kwetu tuko juu ya uwanda, na nyuma ya nyumba, ukipita mikorosho, ardhi inakatika ghafla, na chini yake kuna bonde linalokwenda mpaka Ruvuma. Kwamba asubuhi bonde lote hujaa ukungu mweupe na unakuwa kama umesimama juu ya pamba. Kwamba mama yangu hufagia uwanja kabla ya jua na hataki mtu akanyage mpaka amalize.

"Ukienda likizo," akasema, akiwa amefumba macho, "piga hapo panapokatika. Nije nione."

Likizo yangu bado iko mbali. Na mimi ni muuguzi. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nazisikia pumzi zile, najua zinaelekea wapi.

Nilimwambia nitaleta.

Alisinzia nikiwa nimerudi kwenye mikorosho. Sikunyamaza. Niliendelea kumsimulia kwa sauti ya chini, mvua ikipiga bati, nikamtajia majirani wote wa kwetu, nyumba kwa nyumba, mpaka Ghati aliporudi.

Sijui kama nilimdanganya mgonjwa. Najua tu kwamba nitaipiga picha ile, na nitarudi nayo mpaka kwenye mlango wake, awepo asiwepo.