Kadi ya Wazee Nimepata, Kupumzika Sijapata

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.
Jumapili, 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, mwenye mvi nyingi kuliko ulizoziacha. Hujambo wewe? Shemeji je, mgongo umemwachia? Na wapwa zangu wanasoma, au wanakula tu? Sisi tunaendelea, ila figo za wifi yako ni zile zile. Kila wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu, anarudi amechoka mwili mzima isipokuwa ulimi. Jana kanigombeza kwa sababu ya kijiko.

Barua yako ya pongezi imenifika. Ati nimetimiza sitini na tano, nimepata bima ya serikali ya wazee, sasa niache kazi tuje tukae kwenu, na chumba mmeshakipaka rangi. Ahsante sana. Nimeisoma, halafu nikaificha ili wifi yako asiione. Ngoja nikueleze.

Kadi ninayo kweli. Binti wa dirishani pale ofisi ya bima alinipa mkono, "Hongera, mzee wangu, sasa utatibiwa bure." Nikamuuliza, na mama je? Akataka kujua umri wake. Hamsini na sita. Akasema kwa upole kabisa, "Basi asubiri afikishe umri." Asubiri! Hayo angeziambia figo.

Kwa sasa wifi yako anatibiwa kwa bima ya kazini kwangu. Siku nitakayoacha kazi, na yake inakatika siku hiyo hiyo. Hizo bima za kujinunulia, wakisikia neno figo tu wanakuonyesha mlango. Harusini mlinitania kwamba nimeoa kabinti kaje kanitunze uzeeni. Haya, chekeni sasa.

Basi niko kiwandani, na mikono inatetemeka, mdogo wangu. Kazi yangu unaijua, kukata karatasi, na kisu cha ile mashine hakimjui mkongwe wala mgeni. Kila nilipokuwa nikisukuma rundo, roho ilikuwa juu juu. Mwezi uliopita nilikata madaftari ya shule yakatoka mshazari, rundo zima. Mwenzangu mbandika majalada, tunamwita Gundi, akayafukia kwenye taka kabla msimamizi hajapita. Nilitamani ardhi ipasuke.

Juzijuzi msimamizi akaniita ofisini. Naingia, wenzangu wamejaa tele, na katikati kiti kipya cha kuegemea, zawadi ya kuniaga. Walinipangia kwa siri, masikini, kwa mapenzi tu. Wanapiga makofi, na mimi nimesimama pale kama mwizi aliyekamatwa. Nikasema, "Jamani, mimi siondoki." Makofi yakafa. Nikamwomba msimamizi mbele ya watu anipe hata ufagio, ilimradi nibaki mfanyakazi. Kakubali mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa nafagia. Vijana wananiita king'ang'anizi, eti nimewazibia riziki. Sijawajibu, maana ugonjwa wa mke wangu si hadithi ya kusimuliwa kwenye chai ya saa nne. Lakini inauma, wallahi inauma.

Kwa hiyo usiniulize tena tunakuja lini. Nimebanwa, mdogo wangu. Kuondoka siwezi, na kubaki sijui nitabaki kwa nguvu zipi. Hicho chumba mpangishe mtu.

Nisalimie sana shemeji, wapwa zangu wote, na shangazi yetu mkali, mwambie bado namwogopa. Mola awafunike kwa afya, mlale salama na muamke salama.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo siwezi kumwambia mtu mwingine. Leo asubuhi wifi yako alikuwa anasali chumbani, hakujua nimesimama mlangoni. Yeye, aliyekuwa akiona unywele mmoja mweupe anaung'oa, alikuwa anamwomba Mungu amzeeshe upesi. Nikaitikia amina, polepole, asinisikie.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ukiwa mbali kama ukiwa karibu,

Mzee Kisu