Rumba Moja kwenye Kigari cha Gofu

Abigaïl, Elisée amenusurika. Amenusurika!

Amemwingiza dada yake Syntiche ukumbini, bibi harusi mzima, kwa kile kigari cha gofu cha umeme. Kina betri nne zilizounganishwa mfululizo: moja ikilegea, kigari chote kinalegea. Spika zote za kupigia muziki wa kuingilia alizifunga kwenye betri moja! Kipunguza volti, kinachochota umeme kwenye zote nne sawasawa, alikiacha nyumbani: "Ni rumba moja tu."

Mwalimu wa umeme huyo!

Mlangoni betri ile ikalegea, kigari kikaanza kutambaa. Elisée akalowa jasho, akingoja kuzomewa.

Shangazi yetu, Tantine Albertine, akapiga vigelegele: "Muangalie! Anamuleta polepole, sawa malkia! Huyu iko muntu wa heshima!"

Heshima, Abigaïl. Heshima!

Kisha Tantine akamshika Elisée mkono: "Mwezi ujao binti yangu Ariel anaolewa, utamuleta vile vile. Lakini rumba ikuwe murefu kupita hii."