Piano Iliyofungiwa Ghalani kwa Sababu Yangu

Jumamosi. Joto limekaa kifuani, na moyo nao umechacha.

Sasa hivi mwanangu Jeni ametambaa chini ya meza, akajifunika khanga yangu, akasema, "Mama, piga." Amezoea kulala chini ya piano ya kanisa nikiwa napiga. Nikagonga mbao kwa vidole. Meza hailii.

Mimi niliishia darasa la saba. Kupiga nilifundishwa na sista mmoja mgeni, kila nikimaliza kufagia ukumbi. Alipoondoka aliniachia karatasi za muziki mmoja wa ajabu. Sauti zote kumi na mbili, za vibao vyeupe na vyeusi, zinapanga foleni. Hairudi hata moja mpaka wenzake wote wapite. Mwanzoni uliniudhi. Siku hizi naupenda kama mtoto asiyefanana na mtu yeyote kwetu.

Jumatano nilikuwa naupiga, kwaya wakausikia kutoka nje. Wakadhani piano imeharibika! Fundi redio aliyeitwa akachungulia ndani, akasema nyuzi zimeingia unyevu wa mafuriko ya mto Lumemo.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia mwalimu wa kwaya. "Ni mimi nilikuwa napiga. Ndivyo muziki huu ulivyoandikwa."

"Marahaba. Do yake iko wapi?"

"Hauna do, Mwalimu."

"Wimbo hauna do! Sasa waimbaji washike wapi, hewani?"

Waimbaji wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko, mmoja wao akasema: "Mama Jeni, huo hata kuku wangu anaupiga akipita juu ya vibao!"

Ningekaa nikapiga wimbo mmoja tu wa kwaya, wangejua piano ni nzima. Sikukaa. Nilimbeba mwanangu mgongoni nikaondoka nalia.

Hilo linaniuma kuliko kicheko chao.

Juzi wanaume wanne wameihamishia ghalani, katikati ya magunia, panya waitafune. Mahali pake wameweka kinanda cha umeme ambacho siruhusiwi kukigusa. Mimi nimebaki na ufagio.

Mama mkwe anaita uani: "Mama Jeni, mvua! Mpunga unalowa!" Nakuja, ila hili niliandike kwanza: kesho baada ya misa namwomba Mwalimu anifungulie ghala, nampigia wimbo wao mmoja asikie piano ni nzima, halafu nampigia na huu wangu, na akicheka acheke, siinuki mpaka sauti zote kumi na mbili zipite.