Wamemfuta Mwanangu Baka la Shavuni, Nami Nimelirudisha

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nimempakata mdogo anayeota meno, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana nivumilie, ila msimamo wangu umenyooka.

Mimi nasafisha picha studio, yaani watu wakishapigwa picha nakaa kwenye kompyuta naondoa chunusi na kusawazisha rangi ya uso, na kazi naijua kwa sababu bosi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kitakachopona ukifute lakini alichozaliwa nacho mtu usikiguse mpaka aseme mwenyewe, tena usisugue uso mzima kwa brashi moja, picha uigawe matabaka kwenye kompyuta, rangi uishughulikie kwenye tabaka lake na vinyweleo vya ngozi uviache kwenye tabaka lao, la sivyo mtu anatoka kama sahani ya plastiki. Sasa binti yangu mkubwa, yuko darasa la kwanza, ana baka la kuzaliwa kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na mdomo, na siku moja nilikosa wa kunishikia nikaja naye kazini, bosi akampiga picha, akaipenda, akasema ataifanya bango la dirishani, nikafurahi kama mjinga, kumbe amempa mwenzangu aisafishe.

Asubuhi bango lilipobandikwa nilikuwa naye nikimpeleka shule, tukasimama nje, mtoto akaangalia lile shavu laini kama puto, baka hakuna, akaniuliza, "Mama, huyu nani amevaa gauni langu?"

Nikamfuata bosi, akacheka. "Mama Mbishi, nimempendezesha bure, wenzako wanalipia!"

Alipotoka kwenda kula nikafungua picha ya asili, nikaondoa makombo ya biskuti mdomoni na uvimbe wa mbu kwenye paji la uso, nikapunguza mng'ao wa pua, baka nikaliacha na rangi yake, nikachapisha bango jipya nikabandika, lile lao nikalisukumia nyuma ya kabati. Bosi kurudi, akawaka, akavuta pazia la dirisha, akasema sura ile inafukuza wateja, nirudishe bango lake Jumatatu au nitafute pa kwenda. Mama mkwe anasema, "Kwani picha inauma? Mwache mtoto apendeze." Baba watoto naye anasema nifanye wanavyotaka, maana kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo, wa mshahara ni mimi.

Shangazi, sirudishi. Lakini watoto watakula nini? Nishauri, ila usiniambie niombe radhi.

Mama Mbishi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Mbishi, na jina limekufaa. Pole kwa usingizi usioupata. Radhi ya baka huombi, hilo tulimalize hapa hapa. Mtoto si ukuta wa kupakwa rangi anayoitaka mwenye nyumba.

Lakini lete sikio nilivute. Dirisha ni la bosi na karatasi ni yake, nawe ukasubiri aende kula ndipo ubandike. Huko ni kuvizia! Mwenye haki husema mwenye dirisha akiwa amesimama pale pale. Na bosi aliposema ataifanya bango, kwa nini hukumwambia, "Baka liache"? Ulidhani atajua?

Lililonikera zaidi ni hili. Mtoto aliuliza huyu nani. Nimeisoma barua yako mara mbili, jibu lako sijaliona. Ulikimbilia kugombana na watu wazima, yeye ukamwacha nje na swali lake. Leo, kabla hujapika, mkalishe umwambie: ni wewe, mtu alikosea akakufuta baka la shavuni, na mama amekataa. Kisha muulize kama anataka sura yake ikae dirishani. Si umefundishwa mpaka aseme mwenyewe? Akikataa, hata bango lako wewe linatoka.

Mama mkwe mjibu kwa adabu: picha haiumi, mama, kinachouma ni mtoto kuamini kwamba hapendezi mpaka baka lake lisiwepo. Mumeo mwambie ashike mtoto, kwa sababu una safari za kufanya. Chukua kazi zako nzuri, kwa ruhusa ya wenye sura zao, uzipeleke studio nyingine wiki hii. Usingoje kufukuzwa ndipo utafute viatu.

Jumatatu usilie, usipaze sauti. Mwambie, "Bosi, kazi hii nimeijua kwako. Mtoto ni wangu, ile iliyofutwa hairudi, niwepo kazini nisiwepo. Weka hii kama yeye mwenyewe ameridhia, au weka sura ya mtu mwingine kabisa." Hapo umemwachia mlango wa kutokea bila aibu. Asipoutumia, usijifukuze mwenyewe. Kaa kwenye kiti chako usafishe picha za wateja mpaka atamke yeye kwa kinywa chake.

Sikudanganyi, anaweza kutamka. Mtabana matumizi, mtagombana jikoni, utapiga hodi studio zisizokutaka. Piga hodi hivyo hivyo. Na huku ukipiga, binti yako atakuwa anapita mbele ya lile dirisha akienda shule, na hatamkuta mle mtoto mwingine ndani ya gauni lake.