Mahindi Yenye Dawa

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mbegu za serikali zimefika. Mume wangu Bule amevuka mto kutoka Garsen na gunia dogo begani. Mahindi mazuri, ila yamepakwa dawa nyekundu. Anasema afisa wa kilimo amewaonya – ya kupanda haya, si ya kula. Nyumba itakayoyala haitapata chakula cha msaada. Sawa. Lakini mafuriko yalibeba migomba na ghala lote. Tangu Krismasi tunachemsha mizizi ya mayungiyungi, yale maua ya majini. Elsie wangu ana miaka minne, na tumbo limeanza kumvimba.

Jumatano, 4 Machi

Tumepanda, mimi na mama mkwe, Mama Kadii. Tope bado laini. Kila nikifukia shimo, yeye anasimama kutazama. Akaniambia, "Unazika chakula mtoto akiona." Nikafukia jingine. Kulima kwenyewe nilifundishwa na yeye.

Ijumaa, 6 Machi

Abdia, jirani yetu mfugaji, amepita. Zamani alikuwa akituletea maziwa. Sasa ng'ombe wao wameisha kwa ile homa iliyokuja na mvua. Anasema kwao watu wanaosha mbegu kwa majivu, wanapika, wanakula – hakuna aliyekufa. Nikamwambia aache maneno hayo. Mama Kadii alikuwa anasuka mkeka pale pale. Hakuinua kichwa.

Jumatatu, 9 Machi

Mistari miwili ya chini imefukuliwa. Bule akauliza ni nani. Tumbili, nikasema.

Si tumbili. Tumbili hafukii shimo tena na kulikanyaga kwa kisigino. Kisigino hicho nakijua. Bule akipata habari atampeleka mamake kwa kaka yake kule Tarasaa, na huko hatakiwi.

Halafu jana Elsie alilala bila kulia njaa. Niliona. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumanne, 10 Machi

Elsie anatapika tangu alfajiri. Jasho, miguu inatetemeka. Bule anadhani malaria. Nikamvuta Mama Kadii nyuma ya jiko.

"Mama, umempa?"

Akakubali. Aliosha mara tatu. Akala yeye kwanza, akangoja siku nzima. Alipoona hajadhurika ndipo akampa mtoto. Alisema hayo bila kulia, kisha akaingia ndani kumshika mjukuu wake kichwa.

Jumatano, 11 Machi – Garsen

Tumevuka asubuhi sote. Elsie yuko kwenye dripu, mkono umefungwa kibao. Nikimwita hafumbui macho.

Muuguzi aliuliza mtoto amekula nini. Bule akasema mayungiyungi tu. Muuguzi akatutazama mmoja mmoja. "Nisipojua nitampa dawa isiyo yake."

Mama Kadii akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mahindi ya mbegu. Nilipika mimi."

Muuguzi akaenda mbio kumwita daktari. Bule alinitazama kama hanijui, akatoka nje. Hajarudi. Chakula cha msaada nacho basi, najua.

Mama Kadii ameketi karibu nami, ameshika pindo la leso yangu. Anataka amfuate mwanawe, amweleze ukweli. Nimemwambia, kaa mama, mpepee mtoto. Anampepea. Mkono wake nao umeanza kutetemeka, na anauficha nisiuone. Daktari bado hajaja.